Kuchagua rozwudi kwa ajili ya mbavu za gitaa la klasiki: uzi wa mafundi

RandaNyembamba

Wakuu, habari za wakati huu.

Maswali kuhusu rozwudi (rosewood, mbao za miti ya jamii ya *Dalbergia*) ni mengi humu, na karibu yote yanaanza na jina: ya Brazili au ya India? Naomba uzi huu tuuanzie kwingine, maana nazungumzia mbavu, yaani zile mbao mbili zilizopindwa zinazozunguka pembeni mwa gitaa, siyo mgongo wala uso wa mbele. Mbavu ndizo zinazoteswa kuliko sehemu yoyote nyingine. Ubao unakwanguliwa mpaka ubaki milimita mbili, unalowanishwa, unabanwa kwenye bomba la moto, unapindwa upande mmoja begani, upande wa pili kiunoni, kisha unarudishwa tena kule chini tumboni. Baada ya hapo tunautaka utulie hivyo hivyo miaka hamsini. Ubao unaostahimili hayo huujui kwa jina wala kwa rangi. Unaujua kwa jinsi nyuzi zake zinavyokwenda.

Vipimo kwanza, ili tuongee lugha moja. Ubavu mmoja unahitaji urefu wa milimita 780 hadi 800, na upana wa 105 hadi 110 kabla ya kukata umbo. Gitaa likikamilika kina chake huwa karibu milimita 100 mkiani na kama 95 pale shingo inapoingia, hivyo kinachobaki ni cha kusawazisha. Mbao hizi kwa kawaida huuzwa zikiwa zimepasuliwa kwa unene wa milimita 4 hivi.

Nikishika ubao, kwanza naugeuza nitazame kichwa chake. Pete za ukuaji wa mti zikiwa zimesimama wima kutoka uso mmoja hadi mwingine, ubao umepasuliwa kuelekea kiini cha mti na utatulia. Zikiwa zimelala, utapanuka na kusinyaa kwa upana karibu mara mbili zaidi, na ukilowa utataka kubonyea katikati ufanye mfereji.

Halafu natazama ukingo, na hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka. Rozwudi ina vinyweleo vikubwa vinavyoonekana kwa macho kama vijistari vifupi vyeusi. Usiviangalie usoni, viangalie ukingoni, kwenye ile milimita 4. Vijistari vikienda sambamba na nyuso mbili za ubao toka mwanzo hadi mwisho, chukua. Vikiteremka kutoka uso mmoja kwenda mwingine, nyuzi zinatoka nje ya ubao. Chukulia zinashuka milimita 1 kwa kila milimita 25: ubavu ukifika unene wa milimita 2, hakuna uzi hata mmoja unaozidi urefu wa milimita 50. Ukifika kiunoni kwenye bomba, nyuzi hizo fupi zinanyanyuka upande wa nje wa mkunjo, na ufa unaanzia hapo.

Kama macho hayakupi jibu, dondoshea tone la spiriti au wino mwepesi. Linakimbia kufuata nyuzi, siyo kufuata mistari ya rangi. Rozwudi ina mistari myeusi mizuri inayoweza kunyooka kabisa wakati nyuzi zenyewe zimeshatoka nje, kwa hiyo usiongozwe na rangi. Na kama muuzaji ameacha ziada kichwani, weka patasi upasue kipande cha kidole kimoja. Mti hupasuka panapopita nyuzi zake, na ukishaona ule mpasuko hubaki na swali.

Mengine tutaongeza kadiri mnavyouliza. Karibuni.

---

KambaSita

Shukrani mkuu, umefafanua vizuri. Ila sijakubaliana na ile ya jina. Magitaa ya zamani tunayoyaheshimu yametengenezwa kwa rozwudi ya Brazili. Gitaa ambalo fundi Mjerumani Hermann Hauser alimjengea Andrés Segovia, mpiga gitaa wa klasiki maarufu, mwaka 1937 ni la rozwudi, na leo liko makumbusho kule New York. Mafundi wale hawakuwa wajinga. Hatuwezi kusema waliokota tu mbao.

---

RandaNyembamba

Mkuu KambaSita, hawakuwa wajinga hata kidogo, na *Dalbergia nigra* ni mti mzuri sana. Harufu yake tamu ukiipiga randa huisahau. Lakini tuutazame kama ulivyo leo, siyo kama ulivyokuwa mwaka 1937.

Uzito wake kwa ujazo ni karibu kilo 835 kwa mita moja ya ujazo. Ile ya India, *Dalbergia latifolia*, ni karibu 830. Hapo hakuna tofauti ambayo mkono wako utaihisi. Tofauti kubwa iko kwenye mti uliobaki. Tangu Juni 1992 rozwudi ya Brazili imo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa dunia wa kulinda miti na wanyama walio hatarini dhidi ya biashara, yaani biashara ya kimataifa ya mbao zake imefungwa isipokuwa zile zilizopatikana kabla ya hapo na zina hati. Magogo makubwa yaliyonyooka yaliisha zamani. Sehemu kubwa ya kinachozunguka sokoni ni mbao zilizopasuliwa kutoka visiki na mizizi, na kisiki nyuzi zake zinazunguka huku na huku. Kwa mgongo ule mchoro unapendeza mno. Kwa mbavu ni mateso, maana kila zamu ya mchoro ni mahali ambapo nyuzi zimetoka nje ya ubao.

Kwa hiyo ukiniwekea mezani ubavu wa Brazili wenye mchoro wa kuvutia na ubavu wa India ulionyooka kama nilivyoeleza juu, nachukua wa India bila kusita. Huo si uamuzi wa bei. Ni kwamba nataka kuukunja na nataka ukae.

Kuhusu sauti, kuna mambo mawili ningependa yazingatiwe. Antonio de Torres, aliyetupa umbo la gitaa tunalojenga mpaka leo, mwaka 1862 alijenga gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, uso ukiwa wa sprusi, mti mweupe mwepesi wa jamii ya msonobari. Alitaka kuonyesha kwamba kazi kubwa ya sauti inafanywa na uso. Gitaa hilo lipo bado, Barcelona. La pili ni la karibuni: watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha mwaka 2018 jaribio la magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu isipokuwa mti wa mgongo na mbavu. Rozwudi ya Brazili na ya India zilikuwemo, pamoja na miti isiyo na jina kubwa. Wapiga gitaa 52 waliyapiga bila kuona ni lipi, na hawakuonyesha upendeleo wa maana kati ya miti ile. Yale yalikuwa magitaa ya kamba za chuma, na hilo lazima lisemwe, lakini kwa suala la mbavu sioni sababu ya kutegemea matokeo ya kinyume kwenye klasiki.

---

KambaSita

Hilo la visiki sikuwa nimelifikiria. Sawa mkuu. Lakini bado naugonga ubao na kusikiliza. Rozwudi nzuri inalia kama kengele, na hilo huwezi kuniambia halina kazi.

---

RandaNyembamba

Gonga, mkuu. Mimi pia nagonga. Shika ubao kwa vidole viwili, karibu asilimia 22 ya urefu kutoka kichwani, ambapo kwa ubao wa milimita 800 ni kama sentimita 18, kisha gonga katikati kwa kifundo cha kidole. Hapo unaposhika ubao hauchezi, ndiyo maana sauti haikatwi na vidole vyako. Ukishika mahali pengine utaua mlio wa ubao mzuri na kuukataa bure.

Lakini mlio huo unakuambia nini kuhusu ubavu? Unakuambia ubao ni mkavu na hauna ufa uliojificha. Ufa husikika mara moja, mlio unakuwa na mkwaruzo na unakufa haraka. Hilo ni la thamani na natafuta hilo tu. Ubavu uliokunjwa ni mgumu mno kutikisika kama uso unavyotikisika. Kazi yake ni kuukamata uso kwenye ukingo wake ili nguvu ya kamba isipotelee pembeni. Ndiyo maana mafundi wengi leo hubandika tabaka mbili, rozwudi nje na mti mwingine ndani, waufanye ubavu kuwa mgumu zaidi. Greg Smallman wa Australia alilifikisha mbali sana wazo hilo, mgongo na mbavu zake ni nzito na za tabaka kadhaa, na magitaa yake yanajulikana kwa sauti kubwa.

---

MtiMkavu

Naomba kupinga kidogo, kwa heshima. Umewaambia vijana wakwepe pete zilizolala. Kwenye mgongo nakubali, nusu moja ya mgongo ina karibu sentimita 19 na ikisinyaa itapasuka. Ubavu una sentimita 10 tu. Nimejenga kwa mbavu za pete zilizolala na zimekaa vizuri. Ukikataa kila ubao usiosimama, utakataa mbao nyingi nzuri, hasa za miti ambayo si minene.

---

RandaNyembamba

Mzee MtiMkavu, umenena, na nakubali nusu. Kwa upana wa milimita 100, tofauti ya kusinyaa kati ya pete zilizosimama na zilizolala, hewa ikibadilika kwa kiasi cha kawaida, haifiki hata milimita moja. Ubavu pia umeshapindwa, na mkunjo unausaidia usibonyee. Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya ubao wa pete zilizolala wenye nyuzi zinazokwenda sambamba na nyuso zake, na ubao wa pete zilizosimama wenye nyuzi zinazotoka nje, nachukua huo wa kwanza. Unyoofu wa nyuzi kwa urefu una uzito kuliko mpangilio wa pete.

Tahadhari yangu ni wakati wa kukunja. Ubao wa pete zilizolala ukiulowesha sana na kuupeleka kwenye moto, unafanya mawimbi usoni, hasa kiunoni. Punguza maji. Kinacholainisha mti ni joto, maji yanasaidia tu kulisafirisha na kuzuia kuungua. Rozwudi ina mafuta yake ya asili na hukunjika vizuri kwa maji kidogo, bomba likiwa na joto la nyuzijoto 150 hivi na kuendelea.

---

MtiMkavu

Hapo tuko pamoja. Niongezee unene, maana ndio unaovunja mbavu nyingi kuliko mti wenyewe. Ugumu wa ubao kukunjika hupanda kwa mchemraba wa unene, yaani unene mara unene mara unene. Kutoka milimita 2.0 kwenda 2.2 ni moja ya kumi tu kwa macho, lakini kwa mkono ubao umekuwa mgumu kwa theluthi moja. Ukitoka 1.8 kwenda 2.2 umeongeza ugumu kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo ubao wenye nyuzi zilizopinda kidogo ushushe hadi 1.8 katika eneo la kiuno, na pima sehemu nyingi, siyo ukingoni tu. Pale panapobaki pamenenepa hapapindi, na jirani yake mwembamba anapinda kwa niaba ya wote wawili. Ndipo unapata kona badala ya mviringo.

Na uso wa nje wa mkunjo uwe laini kabla ya moto. Mkwaruzo wa msasa mkali unaokata nyuzi kwa upana ni mwanzo wa ufa. Weka bati jembamba la chuma upande wa nje wa mkunjo ulibane wakati unapinda, nyuzi za nje hazitapata nafasi ya kunyanyuka.

---

DadaPatasi

Kaka zangu, shikamooni kwa wakubwa. Nimesoma kwa makini. Naona mnataja Brazili na India, lakini mpingo nao ni *Dalbergia*. Tunaufahamu, ni mti wetu. Je, unafaa kwa mbavu, au ni wa vinyago na filimbi tu?

---

RandaNyembamba

Dada, swali zuri sana na nilikuwa nalisubiri.

Ndiyo, mpingo ni *Dalbergia melanoxylon*, ndugu wa damu wa rozwudi zote hizi. Dunia nzima wanaufahamu kupitia klarineti na obo, ala za kupuliza ambazo kwa muda mrefu zimetengenezwa kwa mpingo wa Tanzania na Msumbiji. Wapo mafundi wa magitaa wanaoutumia na wanausifu. Ugumu uko sehemu mbili.

Kwanza ni mti wenyewe. Mpingo hukua polepole, shina lake ni fupi, mara nyingi limejinyonga na lina nyufa ndani. Klarineti inaridhika na kipande kifupi. Mgongo wa gitaa unataka upana wa karibu sentimita 19 kwa kila nusu, na kuupata kwenye mpingo ni shida kubwa, ndiyo maana wanaoutumia hujenga mgongo wa vipande vitatu au vinne. Ubavu unahitaji sentimita 10 na nusu tu, hilo linawezekana. Kinachosumbua ni ule urefu wa milimita 800 bila kifundo wala msokoto. Ukipata gogo la namna hiyo, lipasue kwa ajili ya mbavu kabla hujafikiria kitu kingine chochote.

Pili ni uzito. Piga hesabu na mimi. Ubavu wa milimita 800 kwa 100 kwa 2 ni sentimita za ujazo 160, mbavu mbili ni 320. Kwa rozwudi ya India hiyo ni gramu 265 hivi. Mpingo una karibu kilo 1,270 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mbavu zile zile zinakuwa gramu 406. Umeongeza gramu 140 kwenye chombo ambacho kizima huwa na kilo moja na nusu hivi. Si kosa, kwa maana ubavu mzito na mgumu unaukamata uso vizuri. Ila ujue kuwa shingo na mwili vitatafuta mizani mpya, na mpigaji atauhisi uzito huo pajani. Mimi ningeushusha hadi milimita 1.8 na kuukunja polepole sana, joto lipenye kabla hujasukuma.

Kipande cha mpingo kinazama majini. Watu wakikuuzia ubao mweusi unaoelea na kuuita mpingo, umepata jibu.

---

DadaPatasi

Asante sana kaka. Na mninga je?

---

MtiMkavu

Mninga si *Dalbergia*, ni *Pterocarpus angolensis*, lakini usiudharau. Ukishakauka hutulia kuliko miti mingi, hausinyai ovyo. Ni mwepesi kuliko rozwudi kwa mbali, kwa hiyo sauti na uzito vitaelekea upande wa gitaa la saiprasi, lile la flamenko, kuliko upande wa rozwudi. Angalia nyuzi zake, zinasokotana.

---

RandaNyembamba

Naunga mkono. Na kwa kuwa tumeingia kwenye majina, tahadhari hii ni ya kweli: neno rozwudi sokoni limebebeshwa miti mingi isiyohusika. Inayoitwa rozwudi ya Santos au ya Bolivia ni *Machaerium*. Inayoitwa rozwudi ya Afrika mara nyingi ni bubinga, *Guibourtia*. Yote inaweza kujenga gitaa zuri, bubinga hasa, lakini ina tabia tofauti kwenye moto na ina sheria tofauti mpakani. Dai jina la Kilatini kwenye risiti. Muuzaji anayejua anachouza hatachukia ukimuuliza.

---

Mpakani

Wakuu, hapo kwenye sheria ndipo nilipokwama. Nataka kuagiza mbao za mbavu kutoka nje, na baadaye kumtumia mteja gitaa likiwa limekamilika. Nimesoma kwamba rozwudi imezuiwa, wengine wanasema imeruhusiwa.

---

RandaNyembamba

Mkuu, wote wako sahihi, wanazungumzia vitu tofauti.

Rozwudi ya Brazili nimeshaisema, iko Kiambatisho cha Kwanza, mbao na gitaa lenyewe vinahitaji hati. *Dalbergia* nyingine zote, India na mpingo zikiwemo, ziliingizwa Kiambatisho cha Pili kuanzia Januari 2, 2017. Mwanzoni hata gitaa lililokamilika liliguswa, na wanamuziki walihangaika. Mkutano wa Geneva mwaka 2019 ukalegeza: tangu Novemba 26, 2019 ala za muziki zilizokamilika, pamoja na sehemu zake zilizokamilika, hazihitaji kibali cha CITES kwa *Dalbergia* za Kiambatisho cha Pili.

Sasa angalia pengo. Gitaa lako likikamilika liko huru. Mbao mbichi za mbavu siyo ala iliyokamilika, kwa hiyo bado zinahitaji kibali cha mamlaka ya CITES ya nchi zinakotoka. Muuzaji ndiye anayeanza nacho, usikubali kuambiwa kitafuata baadaye. Nchi nyingine zina sheria zake juu ya hapo, uliza mamlaka ya nchi yako kabla ya kulipa.

Na huyu aliyetaja mninga ajue kwamba *Pterocarpus* zote za Afrika ziliingizwa Kiambatisho cha Pili kwenye mkutano wa Panama mwaka 2022. Mti wa jirani nao una karatasi zake ukivuka mpaka.

---

NdaniYaKarakana

Kabla hamjaendelea, vumbi. Vumbi la rozwudi linawasha ngozi na kifua, na kokobolo, rozwudi ya Amerika ya Kati, ndiyo mbaya kuliko zote. Mwili unaweza kuvumilia miaka kadhaa kisha siku moja ukakataa, na ukishakataa haurudi nyuma. Barakoa nzuri ya vumbi, mikono mirefu, na oga kabla ya kukaa na watoto. Kwangu imefika mahali kokobolo siigusi kabisa.

---

RandaNyembamba

Umesema jambo la maana sana mkuu. Hilo liwe kigezo cha kuchagua kama vilivyo vingine: mwenye ngozi inayowashwa aache kokobolo, hata akipewa bure.

Niongezee mambo mawili ya kuangalia mbao zikishakuwa mkononi.

La kwanza ni upacha. Mbavu mbili zinatakiwa ziwe zimepasuliwa zikifuatana kutoka ubao mmoja, na ikiwezekana ubao ule ule uliotoa mgongo. Zikiwa bado zimelaliana, chora kwa chaki nyeupe mstari mmoja mshazari unaovuka kingo za zote mbili, kisha andika kwenye kila moja uso wa nje, ukingo wa juu na upande wa mkia. Chaki hiyo isifutike mpaka zikunjwe. Ukizichanganya, mistari myeusi itakuwa karibu na uso wa gitaa upande wa kushoto na karibu na mgongo upande wa kulia. Mnunuzi hatajua kinachomsumbua, lakini macho yake yatarudi pale pale kila mara.

La pili ni rangi inayotoka. Futa kona ya ubao kwa kitambaa chenye spiriti. Rozwudi ya India hasa hutoa zambarau nzito, na utakapopaka shelaki (vanishi ya asili) kwa kitambaa rangi hiyo itahamia kwenye uso mweupe wa sprusi na kwenye mistari myeupe ya urembo pembeni. Ubao unaotoa rangi nyingi siukatai, ila naufunga kwanza kwa tabaka nyembamba za shelaki, kitambaa kikielekea mbali na uso, kila upande na kitambaa chake. Mafuta ya mti nayo yanasumbua gundi: futa kwa asetoni sehemu za kuungia muda mfupi kabla ya kupaka gundi, usifute asubuhi ukaunga jioni.

---

Mpakani

Nimepata zaidi ya nilichouliza. Swali la mwisho: mbao zikifika, nizikunje baada ya muda gani?

---

MtiMkavu

Usihesabu siku, tumia mizani. Zipange zikiwa zimetenganishwa na vijiti ili hewa ipite pande zote, kwenye chumba chenye unyevu wa hewa wa asilimia 45 hivi, ambapo mti hutulia na unyevu wa karibu asilimia 8. Pima kila ubao kwa mizani ya gramu, andika uzito kwenye ubao wenyewe kwa penseli. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, ubao umefika. Ubao mmoja wa pacha ukiendelea kushuka wakati mwenzake ametulia, usubiri, usiwakunje kwa tarehe tofauti.

---

DadaPatasi

Wakubwa, mimi tayari nina ubavu wa rozwudi ya India uliopata ufa kiunoni upande wa nje wakati wa kukunja. Nyuzi zimenyanyuka kwa urefu wa ukucha hivi, hazijavuka upande wa ndani. Nitupe?

---

RandaNyembamba

Usitupe, dada. Kama hazijavuka ndani, hizo ni nyuzi zilizotoka nje ya ubao zikanyanyuka. Acha ubavu ukauke ukiwa ndani ya kalibu (fremu yenye umbo la gitaa), kisha ingiza gundi nyepesi chini ya zile nyuzi, weka karatasi ya nta juu, bana kwa kipande cha mti chenye mviringo ule ule wa kiuno. Ikikauka ikwangue taratibu kufuata mwelekeo wa nyuzi. Baada ya unga wa pumisi (jiwe jepesi la volkano) na shelaki kujaza vinyweleo, mahali hapo hapataonekana. Kwa ndani bandika kipande chembamba cha rozwudi, nyuzi zake zikivuka zile za ubavu, hapo hapo nyuma ya ufa.

Ukiona mstari wa ufa umefika upande wa ndani, hata kama ni mwembamba kama unywele, ubavu huo hautabeba gitaa. Ukate vipande vya kichwa na vya urembo, na pacha wake aliyenusurika mhifadhi pamoja na mabaki ya mgongo. Siku mteja akirudi na ubavu uliopasuka kwa kuangushwa, utakuwa na mti ule ule wa kuzibia.